N ya Nenda

Primus Massawe aliendesha lori la chama cha kahawa kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote mguu wake wa kushoto haukupata likizo. Huo ndio uliokanyaga klachi. Barabara ya Kibosho wakati wa masika ilikuwa tope tupu, na lori likiwa limesheheni magunia, dereva alitakiwa kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, la sivyo giaboksi ilisaga meno mpaka wachumaji kahawa wakanyanyua vichwa. Kwa Primus hawakunyanyua. Yeye alibadili gia kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Maneno hayo alikuwa akiyasema mwenyewe kilabuni, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi, na wenzake walikuwa wameyasikia mara nyingi kiasi cha kummalizia.

Kwa hiyo mwaka tisini na sita, bei ya kahawa ilipokuwa imeanguka na lori lenyewe limeegeshwa nyuma ya ghala likiota majani kwenye bodi, akina mama wa kikundi cha maziwa walimwita wakamwambia wamenunua gari, naye hakushangaa. Kibosho kukiwa na gari, ataliendesha nani mwingine?

Gari lilikuwa van nyeupe iliyokwisha kutumika Japani. Lililetwa kutoka Dar es Salaam na dereva wa kukodi aliyekuwa na haraka ya kuwahi basi la kurudi. Alimkabidhi funguo mwenyekiti wa kikundi, Mama Stella, akanywa chai akiwa amesimama, akaondoka. Ubavuni mwa gari palikuwa na maandishi ya Kijapani ya rangi ya bluu. Katekista Martin, aliyekuja kuongoza sala ya shukrani, aliyatazama kwa muda, akasema kwa jinsi yalivyopangwa huenda ni neno la Mungu.

Primus alifika amevaa koti. Akina mama kama thelathini walikuwa wamejaa uani kwa Mama Stella, na wote walimpisha. Alifungua mlango, akaketi, akarekebisha kioo, akashika usukani, kisha akapeleka mguu wa kushoto kwenye klachi.

Mguu ulikutana na zulia.

Aliusogeza kulia kidogo, ukagongana na breki, ambapo tayari palikuwa na mguu mwenzake. Akaurudisha. Akapapasa sakafu nzima kwa ncha ya kiatu, taratibu, macho yakitazama mbele kwa heshima, kama mtu anayetafuta ndara yake chini ya meza ya wakwe.

"Kuna nini, Baba Davis?" Mama Stella aliuliza dirishani.

"Hakuna kitu," alisema Primus, na hapo alisema kweli tupu.

Mama Stella alikuwa mtu wa kukagua. Maziwa yaliyoongezwa maji aliyajua kwa kuyatazama tu yakimiminwa. Aliingiza kichwa dirishani, akatazama chini, akahesabu.

"Pedeli ni mbili," alisema. Akawageukia wenzake. "Moja wameing'oa njiani."

Uani pakachafuka. Wengine waliinua viti kuitafuta klachi, wengine wakachungulia chini ya tairi la akiba. Mmoja alikumbuka kwamba yule dereva wa kukodi alikuwa na mfuko mkubwa, na baada ya hapo kila mtu alikumbuka kwamba mfuko ule ulikuwa mkubwa kweli, tena ulikuwa na kitu kigumu ndani. Ilisemwa mtu akimbie stendi akampekue.

Hapo ndipo Primus angeweza kusema kwamba hajawahi kuendesha gari la namna hii. Alishasikia habari za magari ya otomatiki. Alidhani ni ya watu wenye mguu mmoja. Lakini akina mama walikuwa thelathini, na yeye alikuwa amevaa koti.

"Haijaibiwa," alisema. "Ya kisasa ndivyo yalivyo. Klachi iko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kwa ndani."

Ikabaki gia. Kando ya mkono wa gia kulikuwa na herufi, na kwa kuwa Katekista Martin ndiye aliyekuwa na miwani, alipewa nafasi asome. Alisoma kwa sauti ya somo la Jumapili: P, R, N, D, 2, L.

"P ni Paki," alisema Mama Stella papo hapo. "R ni Rudi. Si wameandika Kiswahili? Hawa Wajapani wanajua wanamuuzia nani."

Primus alijaribu. Alitia R, gari likarudi nyuma hatua tatu. Alitia P, likasimama kama limepigiliwa msumari. Akina mama walipiga vigelegele. Baada ya ushahidi kama huo nani angebisha? N ikawa Nenda. D, katekista aliifikiria kidogo, ikawa Dharura. Ile 2 ilikuwa idadi ya watu wanaoruhusiwa kukaa mbele, na L ikawa Lala.

"Lala na Paki si kitu kimoja?" aliuliza mama mmoja.

"Paki ni ya mchana," alisema katekista.

Kesho yake asubuhi walipakia makeni ya maziwa, Mama Stella akakaa mbele, Primus akawasha injini, akatia Nenda, akashusha hendibreki. Uwanja wa Mama Stella umeinamia barabarani, na barabara kutoka pale inateremka kati ya migomba na kahawa mpaka karibu na mji. Gari likaondoka. Halikutikisika, halikunguruma, lilielea tu. Primus alikanyaga mafuta, injini ikavuma, mwendo ukabaki uleule. Alidhani ni adabu ya Kijapani, kwamba gari halipendi kuharakishwa.

"Hili halili petroli kabisa," Mama Stella alisema kwa furaha.

"Linajiendesha," alisema Primus. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kuliko alivyojua. Yeye kazi yake ilikuwa breki tu, na walipofika penye tambarare, moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu yote manne. Hapo gari lilipunguza mwendo lenyewe, likapunguza tena, likasimama katikati ya barabara likivuma. Primus alieleza kwamba linapumzika. Wapita njia wakalisukuma mpaka kwenye duka la maziwa mjini.

Wakati wa kurudi ndipo kazi ilipoanza. Makeni yalikuwa matupu, mlima ulikuwa mbele yao, na Nenda haikwenda. Injini ilinguruma mpaka kuku wa jirani wakahama. Mama Stella alivumilia kwa dakika kumi.

"Baba Davis," alisema, "kama hii siyo dharura, basi sijui dharura ni nini."

Primus alitia D. Gari lilishtuka, likajivuta, likaanza kupanda kama mbuzi aliyeona chumvi.

Tangu siku hiyo wakateremka kwa Nenda na kupanda kwa Dharura, na kila mkono wa gia ulipoingia D, Mama Stella alipiga ishara ya msalaba. Primus hakuchelewa kuelewa. Wiki ya pili tu alijua kwamba D ndiyo gia ya safari zote, na kwamba ile Nenda ni frii, yaani injini haijashikana na magurudumu, frii ileile aliyowakataza madereva wadogo wa chama cha kahawa wasiteremkie mlima. Lakini angeanzaje kusema? Tena petroli ilikuwa ikibaki kweli. Akanyamaza.

Shida ilikuwa viungo vyake. Mguu wa kushoto ulijisahau penye kona ukakanyaga breki kwa nguvu za klachi, abiria wakagongana vichwa, na maziwa yakatikiswa kiasi kwamba siku moja makeni mawili yalifika mjini yakiwa na siagi juu. Mkono nao ulitaka kazi. Akipita kilabuni alitia 2, akatia L, akarudi D, akagusa N, akarudi D, gari likiwa katika mwendo, ili watu waone bado ni dereva. Kwa kila mguso gari lilipiga kelele ya chini, kama mtu aliyefinywa kanisani.

Miezi ikapita, na gari likaanza visa. Kwanza lilichelewa kuitika. Primus alitia D, gari likakaa kimya kama linakumbuka kitu, kisha likaruka mbele ghafla. Halafu penye mwinuko injini ilipandisha sauti bila gari kuongeza mwendo, likazidiwa na mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, ambaye aliwasalimia akapita. Halafu ikaja harufu. Mama Stella alisema ni maziwa yaliyoungua. Primus alimwambia maziwa hayajapikwa, yataunguaje? Akajibiwa kwamba yeye ndiye dereva, basi aseme ni nini. Akateremsha kioo cha dirisha.

Alhamisi moja kabla ya Kipaimara, walipewa kazi ya parokia. Baba Askofu alikuwa anakuja Jumapili, na Primus alitumwa mjini kuchukua kreti la divai ya misa. Alilileta salama, akaegesha mbele ya kanisa, akaingia kumwita katekista. Walipotoka wakakuta chini ya gari pana kidimbwi chekundu, chenye kung'aa, na tone jingine linaning'inia.

Katekista Martin alishika kichwa. "Divai ya Askofu," alisema.

Watu walikuwa wakifagia uwanja. Wakaacha mafagio wakaja. Primus alikodoa macho. Katika maisha yake mafuta ya gari yalikuwa meusi, na yakiwa mapya yalikuwa na rangi ya asali. Mafuta mekundu hakuwahi kuyaona. Katekista alichuchumaa, akachovya kidole, akaonja. Akalamba midomo.

"Ni divai," alisema, "ila si ya misa. Hii imechacha."

Mzee Yohana, mlinzi wa kanisa, aliomba naye aonje. Alisema haijachacha, ni kali tu, inafanana na ile iliyonywewa kwenye harusi yake mwaka hamsini na nane. Mama mmoja wa kwaya alinusa akasema ina kitu cha mafuta ya nywele. Ubishi ukawa mkubwa, na ungeweza kufika jioni kama Mama Stella asingefika, akapanda garini, akafungua kreti. Chupa zilikuwa kumi na mbili, zote zimejaa, zimefungwa vilevile.

Watu wakamtazama katekista. Katekista akatema mate.

"Basi hiki ni nini?" alisema Mama Stella, akimtazama Primus.

"Ni maji ya kutu," Primus alisema, akafukia kidimbwi kwa mchanga kwa kutumia kiatu. Katekista alicheua vitu vya ajabu mpaka Jumamosi.

Jumapili asubuhi ilibaki safari moja: kiti. Seremala wa mjini alikuwa ametengeneza kiti cha Askofu, kirefu, chenye mgongo wa kuchongwa na mto wa kitambaa chekundu. Hakikuweza kulala, kilisimamishwa nyuma, kikitazama mlango wa nyuma, na ili kisianguke, Mama Stella alikikalia. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, naye alikalia kiti kile kama aliyezaliwa nacho.

Walipoanza kupanda, Primus alitia D. Gari lilikumbuka, likakumbuka tena, halikupata. Alitia 2. Alitia L. Injini ilivuma, harufu ya kuungua ikajaa, gari likabaki pale pale. Kisha likaanza kuteleza kurudi bondeni polepole. Primus alikanyaga breki, jasho likimtoka chini ya koti. Bila kutarajia kitu alitia R, ili angalau aliondoe barabarani, na R ikashika. Ilishika barabara, kama siku ya kwanza.

Alikaa akiitazama ile herufi. Kisha akaligeuza gari kwa mbinu zote za miaka ishirini na miwili, makalio yakaelekea Kibosho, uso ukaelekea mjini.

"Mama Stella," aliita, "wewe ndiye unayeona mbele. Utaniongoza."

"Niongoze vipi?"

"Sema tu unachokiona."

Wakapanda kinyumenyume. Mama Stella, juu ya kiti cha Askofu, alitazama kupitia kioo cha nyuma na kusema: "Kushoto. Kushoto kidogo. Kulia. Mfereji. Ng'ombe. Ng'ombe anafikiria. Amepita." Primus alikuwa amepinda shingo kama bata anayejisafisha. Baada ya kilomita moja shingo ilimchoka, akageuka mbele kidogo ipumzike.

Mbele ya kioo chake, hatua sita tu, palikuwa na gari la Baba Askofu.

Lilikuwa limewafikia likitokea mjini, na barabara ilikuwa nyembamba, hakuna pa kupishana. Magari yalikuwa yametazamana pua kwa pua, yote yakipanda mlima. Askofu alikuwa amekaa kando ya dereva wake. Primus hakujua mtu afanye nini katika hali hiyo, akainamisha kichwa na kusema midomo tu, bila sauti: "Tumsifu Yesu Kristo." Askofu naye akajibu kwa midomo: "Milele amina."

Primus akageuka nyuma. Kilomita nyingine, shingo ikachoka, akageuka mbele, Askofu bado yupo. Akainamisha kichwa tena. Askofu akatikisa mkono kidogo. Mara ya tatu Askofu alitabasamu. Mara ya nne alikuwa ametoa rozari.

Langoni kwa kanisa kwaya iliambiwa iimbe mara gari la kwanza litakapotokea. Gari la kwanza likatokea kwa makalio. Walisitasita kidogo, lakini amri ni amri. Wakaimba, tarumbeta zikalia, na Katekista Martin, aliyekuwa amejipanga kumpokea Askofu, akaukuta mlango wa nyuma umesimama sawasawa mbele yake. Akaufungua.

Ndani, juu ya kiti chenye mto mwekundu, alikuwa ameketi Mama Stella. Mzee Yohana, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, alipiga goti akaomba mkono abusu pete. Mama Stella alimpa. Baadaye alieleza kwamba ilikuwa rahisi kuliko kuanza kueleza.

Baba Askofu alishuka kwenye gari lake, akamfuata Primus, ambaye alikuwa amesimama na shingo imepindia bega la kushoto, haitaki kurudi.

"Mwanangu," alisema, "umeendesha vizuri sana. Ila nieleze, kwa nini?"

"Baba Askofu, mbele limekataa."

Mahubiri ya siku ile yalihusu watu wanaorudi nyuma katika imani. Askofu hakumtaja mtu. Kanisa zima liligeuka kumtazama Primus, naye akashindwa hata kugeukia pembeni.

Jumatatu waliteremka mjini kwa Nenda, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyobaki, mpaka gereji moja ya karibu na soko. Fundi wa magari ya otomatiki alikuwa dada mmoja aitwaye Hellen, mwenye ovaroli iliyokunjwa mikono na bisibisi nyuma ya sikio.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Waliitikia. Primus alimtazama, akatazama nyuma yake kama kuna fundi mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Hellen alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, ambacho Primus siku zote alidhani ni cha akiba, akakinusa, akampa naye anuse. Mafuta yalikuwa yamebadilika kuwa ya kahawia na yananuka kama mkate ulioungua.

"Haya yanatakiwa yawe mekundu, masafi," alisema. "Lilikuwa linavuja?"

"Lilivuja," alisema Mama Stella. "Katekista aliyaonja."

Hellen aliamua kutouliza. Ilikuwa saa ya kula, na mama lishe alikuwa amewaletea bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi. Hellen alichukua vijiko viwili, akavisimamisha ndani ya bakuli, kimoja upande huu, kingine upande ule.

"Mzee, kile cha kwanza ni injini. Angalia." Akakoroga kwa kijiko kimoja. Mtori ukaanza kuzunguka, na kile kijiko cha pili, ambacho hakikuguswa, nacho kikazungushwa na mtori. "Cha pili ndicho kinachozungusha magurudumu. Havishikani. Katikati ni mafuta tu. Ndiyo maana hapahitajiki klachi ya mguu. Gari likisimama, mtori unateleza tu, injini haizimi."

Primus aliinama juu ya bakuli.

"Na gia nani anabadilisha?"

"Mafuta hayohayo. Mgandamizo wake unasukuma klachi ndogondogo zilizo ndani."

"Kumbe klachi iko ndani," alisema Primus polepole.

"Ndani kwa ndani," alisema Mama Stella, akimtazama vibaya.

"Mafuta yakipungua," Hellen aliendelea, "zile klachi hazibanwi sawasawa. Zinateleza, zinaungua. Gari linachelewa kuitika, linaruka, linavuma bila kwenda, linanuka. Hayo yote lilikuwa likiwaambia. Gia ya nyuma ina klachi yake, na hiyo mlikuwa hamjaichosha. Sasa niambieni, mlikuwa mnateremkaje?"

Primus aliutazama mtori. Angeweza kusema chochote. Dada huyu hakumjua. Lakini shingo ilikuwa bado inamuuma, na alijikuta amechoka kuwa hodari.

"Kwa frii," alisema. "Kutoka Kibosho mpaka hapa. Kila siku. Nilijua, nikanyamaza. Na nikipita kilabuni nilichezea gia ili watu wanione. Binti yangu, mimi gari hili sijui kuliendesha. Sikuwahi kujua."

Mama Stella alimgeukia.

"Ungesema siku ile," alisema, "tungekucheka siku moja tu. Sasa tutakucheka mpaka Krismasi."

Akavuta bakuli la somo, akala mtori uliobaki.

Giaboksi nyingine ilipatikana kwenye van iliyogongwa nyuma, na Hellen akaifunga kwa siku nne. Kisha akampeleka Primus barabara ya Mabogini, kwenye tambarare ya mashamba ya mpunga, akamfunga mguu wa kushoto kwa kanga kwenye nguzo ya kiti ili ujifunze kutulia. Primus aliendesha kwa D peke yake mpaka mwisho wa mashamba na kurudi, mkono ukiwa gotini, na mkono haukuchezea kitu. Wavuna mpunga walimpungia. Akiwa anarudi alijisikia vizuri, akaona aibu kwa kujisikia vizuri, halafu hata aibu yenyewe ikamtoka.

Mama Stella, aliyekuwa amekaa nyuma na makeni, aliinamia mbele.

"Hellen," alisema, "gari lenyewe pedeli mbili, na mimi miguu ninayo miwili. Mtu huchukua siku ngapi kujifunza?"

"Kwa otomatiki? Wiki inatosha, mama."

Primus alisimamisha gari kandoni mwa mfereji, akatia P, akajifungua kanga mguuni. Akashuka, akamfungulia Mama Stella mlango wa nyuma, akamwonyesha kiti cha dereva, naye Hellen akahamia nyuma kwenye makeni. Alingoja mpaka ameketi vizuri na kukaza kilemba, kisha akazunguka upande wa pili, akapanda kando yake, akashika mpini wa juu ya dirisha kwa mikono yote miwili.